Amezoea, Amemzoea

Kuna neno ambalo akina mama wa Mukuru, mtaa wa mabati jijini Nairobi, hulisema mlangoni kwa deikea, kituo cha kulelea watoto mchana, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, leso ikifunguliwa na mtoto akishushwa mgongoni. "Amezoea." Hulisema kwa kujipa moyo. Wiki ya kwanza mtoto alilia hadi sauti ikakauka, ya pili akalia kidogo, ya tatu akaketi kwenye mkeka akiutazama mlango. Basi amezoea. Mama anakata kona kuelekea Enterprise Road awahi geti la kiwanda kabla majina ya vibarua hayajatosha.

Kiswahili kina ujanja wake hapa. Mtoto anaweza kuwa amezoea: mahali, kelele, mkojo wa mwenzake, njaa ya saa nne. Au anaweza kuwa amemzoea: mtu. Tofauti yote imo kwenye hiyo "m" katikati ya neno, na nimekuwa nikiifuata kwa muda sasa. Nimeshawishika kwamba mjadala wetu mzima kuhusu deikea za mitaa ya mabati umeiruka.

Nilikaa nusu siku kwenye deikea moja. Chumba ni cha futi 10 kwa 10, mabati pande tatu, pazia upande wa nne, na nyuma ya pazia ndiko mwenyewe hulala. Shosho, yaani bibi mwenye deikea, ana miaka sitini na kitu. Anasaidiwa na binti mmoja ambaye muda mwingi alikuwa nje akichota maji au akipuliza jiko. Nilihesabu watoto 17. Mmoja, mvulana wa karibu miaka miwili, alikuwa msumbufu kwelikweli. Kila nilipofungua daftari alikimbilia magotini kwa shosho, akaficha uso kwenye sketi yake, akachungulia, akarudi kucheza na ndala iliyokatika, kisha akakimbia tena. Msichana mmoja aliketi kando ya gunia la makaa. Hakulia. Hakukimbia. Alipoanguka na kugonga paji la uso hakumtazama mtu yeyote. Alijiinua akaketi palepale.

Kwenye daftari langu niliandika: "mvulana ana wasiwasi, msichana mtulivu." Nimeiacha hiyo sentensi ilivyo ili inisute.

Tuanze na mwili. Juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo zilizokaa kama kofia, na miongoni mwa kazi zake ni kutoa homoni iitwayo kotisoli. Si sumu. Bila kotisoli hungeamka kitandani. Kwa kawaida hufika kilele kama nusu saa baada ya kuamka, kisha hushuka taratibu kutwa nzima hadi usiku ikawa chini kabisa. Ukipatwa na tishio hupanda, tishio likipita hushuka. Kwa mtoto mdogo haihitaji sindano kuipima: anapewa kipande cha pamba atafune, mate yanaenda maabara.

Tangu miaka ya 1990 mwishoni, watafiti kama Megan Gunnar wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzake wamekuwa wakikusanya mate hayo, na jambo lililojirudia ni la kushangaza kidogo. Watoto wengi ambao kotisoli yao hushuka vizuri wakiwa nyumbani, hupanda kuanzia asubuhi kuelekea alasiri wakiwa kituoni. Mtoto ni yuleyule, siku ndiyo tofauti. Hali hiyo huonekana zaidi kwa walio kati ya miaka miwili na minne kuliko kwa wakubwa, yaani umri ambao mtoto ameshajua kutaka rafiki lakini hajajua kugawana ndala. Na hao walikuwa watoto wa Marekani, kwenye vituo vyenye vitanda, bustani na walimu wenye vyeti.

Msomaji wa haraka ataishia hapo na kusema: mnaona, mahali pa mtoto ni nyumbani kwa mamake. Nimeisikia kauli hiyo kanisani, nimeisikia redioni, na mara nyingi hutoka kwa mtu ambaye nyumbani kwake kuna msichana wa kazi. Mama wa Mukuru hana uwanja wa kuchagua. Asipovuka kwenda kazini, jioni hakuna unga.

Lakini pia kisayansi kauli hiyo haisimami. Kuna utafiti mkubwa uliofuata familia zaidi ya 1,200 za mashambani katika majimbo ya Pennsylvania na North Carolina, nyingi zikiwa maskini, tangu watoto walipozaliwa. Ulipotazama saa za malezi nje ya nyumba na kotisoli, picha iligawanyika. Kwa watoto ambao nyumbani hakukuwa na shida nyingi, saa nyingi za kituoni ziliendana na kotisoli ya juu. Kwa waliotoka kwenye nyumba zenye shida zilizorundikana, saa nyingi za kituoni ziliendana na kotisoli ya chini. Kwao kituo kilikuwa kivuli.

Hili lingepaswa kubadilisha namna tunavyozungumza Nairobi. Mtoto wa chumba kimoja, ambaye usiku husikia ugomvi wa jirani kupitia bati, ambaye mamake halali kwa kuwaza kodi, huenda ndiye anayefaidika zaidi na mahali pengine pa kukaa mchana. Na huenda ndiye anayepoteza zaidi mahali hapo pakiwa pabaya.

Sasa mahali pazuri ni papi? Hapa ndipo ile "m" inaporudi. Mwaka 2012 kundi la watafiti wa Denver lilichapisha matokeo kuhusu watoto wa chekechea na walimu wao. Watoto waliokuwa na uhusiano salama na mwalimu anayeongoza darasa lao, wale ambao wakiumia humwendea, wakiogopa humtazama, ndio ambao kotisoli yao ilielekea kushuka mchana kama inavyotakiwa. Chumba kimoja, uji mmoja, kelele zilezile, lakini mwili wa mtoto mmoja unasema niko salama na wa mwenzake unasema bado. Kilichowatenganisha ni mtu.

Wazo hili lina mizizi jirani kabisa na sisi. Mwaka 1954 Mary Ainsworth, mwanasaikolojia kutoka Amerika Kaskazini aliyekuwa amemfuata mumewe Makerere, alianza kuzunguka vijiji vya karibu na Kampala akiangalia watoto wachanga 28 na mama zao. Nadharia nzima ya namna mtoto anavyojifunga kwa mlezi wake, inayofundishwa leo vyuoni kama jambo la Ulaya na Marekani, ilipata miguu yake ya kwanza kwenye nyumba za Waganda. Aliona watoto wakijifunga kwa mtu zaidi ya mmoja: mama, bibi, dada. Na aliona jambo lingine dogo ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Mama ambao watoto wao walikuwa na utulivu wa kweli walielekea kuwa wasimuliaji wazuri. Ukiwauliza kuhusu mtoto, walikupa mambo madogomadogo: hulala vipi, huchukia nini, jana alifanya kituko gani. Kumjua mtoto na mtoto kutulia vilikwenda pamoja.

Nilipolisoma hilo nikakumbuka shosho. Nilikuwa nimemuuliza kuhusu yule mvulana, akanijibu bila kuacha kukoroga uji: "Huyu? Huyu hali kama kijiko ni cha chuma, anataka cha plastiki. Akisikia pikipiki anakuja kwangu, kwa sababu babake aligongwa. Mchana halali mpaka nimguse sikio." Ule niliouita wasiwasi kwenye daftari ulikuwa mtoto kutumia mtu wake. Anatoka, anachunguza dunia, anaogopa mgeni mwenye kalamu, anarudi kituoni kwake kama gari kwenye petroli, anatoka tena. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Na msichana? Mtoto hapimwi kwa jicho la mgeni wa nusu siku. Ila tunajua kutoka Romania kwamba ukimya unaweza kuwa na maana nzito. Huko Bucharest, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti walichukua watoto 136 waliokuwa kwenye makao ya serikali, nusu wakachaguliwa kwa kura wapelekwe kwa familia za kuwalea, nusu wakaendelea na utaratibu wa kawaida. Miaka mingi baadaye walipopewa majaribio ya kuwatia wasiwasi kidogo, miili ya wale walioachwa kwenye utaratibu huo haikuitikia vizuri. Kotisoli haikupanda ilipopaswa kupanda. Waliopata familia mapema, karibu na umri wa miaka miwili au chini yake, miili yao iliitikia karibu kama ya watoto wengine. Deikea ya Mukuru si kituo cha mayatima. Mtoto hurudi kwa mamake kila jioni, na hiyo ni tofauti kubwa mno. Funzo ninalolichukua ni dogo: mwili wa mtoto ukigundua kwamba kulia hakuleti mtu, unaweza kuacha kupiga hodi. Kwa nje, hali hiyo inafanana sana na tabia njema.

Hii ndiyo sababu naliogopa neno "amezoea". Ni sababu pia ya ile hofu ya akina mama kwamba kuna walezi wanaowapa watoto dawa za mafua ili walale. Mama anayekuta mtoto kimya jioni hajui kama ni utulivu, uchovu, au kitu kwenye kijiko.

Hesabu ya shosho ni hii. Anatoza shilingi 80 kwa siku, uji ukiwemo. Watoto 17 wakilipa wote ni shilingi 1,360. Hawalipi wote. Humo mnatoka kodi, makaa, maji ya mtungi, unga, na chochote cha yule binti. Mtaalamu yeyote atamwambia kwamba watoto 17 kwa mtu mmoja na nusu ni wengi mno, na atakuwa sahihi. Basi tumwambie abaki na watano. Watano mara 80 ni shilingi 400, kabla ya kodi. Afadhali auze sukuma wiki. Wale 12 waliotolewa hawatarudi nyumbani kukumbatiwa. Watafungiwa ndani na dada wa miaka minane, au watapelekwa ujia wa pili kwa mwingine mwenye watoto 20.

Kuna kitu kinachoivunja "m" kuliko hata wingi wa watoto, na sijakiona kikizungumzwa ipasavyo. Ni deni. Kiwanda kikikosa kazi siku tatu, mama anadaiwa shilingi 240. Hana. Siku ya nne anapata kibarua, lakini aibu ya kupita mlango ule bila pesa ni nzito kuliko mtoto mgongoni. Anapinda kona nyingine, anampeleka kwa mlezi asiyemdai. Yule msichana wa kando ya makaa alikuwa na wiki mbili tu kwa shosho, na alikuwa ameshapitia deikea tatu kabla ya hiyo. Ana mwaka mmoja na nusu. Mara nne amefika mahali papya, amelia, amenyamaza, na mara nne kuna mtu mzima amesema amezoea.

Ongeza na yale yanayomkuta hata asiyedaiwa. Nyumba za Mukuru kwa Njenga zilipobomolewa mwishoni mwa 2021, na Mto Mathare ulipovunja kingo mwaka 2024, tulihesabu nyumba na maiti, na ilikuwa sawa kuhesabu hivyo. Hakuna aliyehesabu watoto waliompoteza shosho wao siku hiyo, mtu ambaye walikuwa naye saa kumi na mbili kwa siku, kwa sababu yeye alihamia Kayole na mama akaenda Pipeline.

Serikali iko wapi? Kwenye karatasi ipo. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, ilizipa serikali za kaunti vituo vya malezi ya watoto katika mstari uleule wa elimu ya chekechea. Nairobi ikatunga sheria yake ya vituo vya malezi mwaka 2017. Lakini pesa na macho hufuata darasa, na darasa la PP1, la kwanza la chekechea, huanza mtoto akiwa na miaka 4. Upande wa pili, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi 3 ikiwa ameajiriwa. Kati ya mwezi wa tatu na mwaka wa nne kuna shimo, na mama fua, yule wa kufua nguo za watu kwa kibarua, anayeketi kwenye ukuta wa Eastleigh akisubiri kuitwa hana hata hiyo miezi mitatu ya kuanzia.

Shimoni humo, mgeni pekee kutoka ofisini mara nyingi ni mkaguzi. Mkaguzi huangalia kinachohesabika: choo, dirisha, mlango wa pili, kibali. Simdharau. Kuhara huua watoto, na moto kwenye mabati hausubiri. Lakini kufunga deikea kwa sababu ya choo, bila kuuliza watoto wamemzoea nani, ni kutibu jeraha moja kwa kufungua lingine. Shirika la Kidogo, ambalo lilianzia hapahapa Nairobi, limechagua njia nyingine: kuwachukua wanawake ambao tayari wanalea mtaani, kuwafundisha na kuwaunganisha, waendelee na kazi yao palepale walipo. Naona hiyo ndiyo akili. Mlezi ambaye watoto wameshamkimbilia ni mali ambayo kaunti haiwezi kuinunua kwa zabuni.

Msidhani nazungumza kutoka mlimani. Mwanangu wa kwanza alilelewa kwenye deikea ya ghorofani, mtaa wa watu wenye magari, kuta zimechorwa twiga, kamera kila kona ili mzazi aangalie kwenye simu akiwa kazini. Kati ya Januari na Agosti walezi wa chumba chake walibadilika mara tatu. Hatukuambiwa. Niligundua kwa sababu alianza kumwita kila mwanamke mwenye sare "anti", hata mhudumu wa benki, na alikuwa radhi kubebwa na yeyote. Mwenye kituo alinitabasamia: "Mtoto wako hana shida kabisa, anazoea haraka." Nikalipa ada ya muhula nikiwa nimefurahi. Kamera zile zilinionyesha kila kitu isipokuwa kwamba hakuna aliyemjua. Walezi walikuwa wanaondoka kwa sababu mshahara haukuwatosha nauli na kodi, hilo nililijua baadaye, kwa mmoja wao, tulipokutana kwenye foleni ya matatu.

Kwa hiyo pesa ni muhimu, ila swali ni zinaingilia wapi. Huko Korogocho, mtaa mwingine wa mabati Nairobi, watafiti wa APHRC, kituo cha Afrika cha utafiti wa idadi ya watu na afya, na wa Chuo Kikuu cha McGill cha Kanada waliwapa akina mama vocha za kulipia deikea, na matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha kwamba waliopewa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kazi, kwa pointi 8.5 hivi za asilimia zaidi ya wasiopewa. Walio bila mume waliweza kupata kazi za saa chache bila kipato kushuka. Tumezoea kuisoma hiyo kama habari ya uchumi wa wanawake, na ni kweli. Mimi naisoma pia kama habari ya watoto. Ada ikilipwa na vocha, kwa mwezi mzima, kazi iwepo isiwepo, hakuna deni la shilingi 240, na hakuna sababu ya kupinda kona nyingine. Vocha ingekuwa inalipia "m".

Kaunti inaweza kusema haina pesa. Lakini kaunti hii hii tangu 2023 inalisha wanafunzi wa chekechea na shule za msingi za umma kwa mpango wa Dishi na County, mzazi akichangia shilingi 5 kwa sahani. Iligundulika kwamba inawezekana, kwa sababu mtoto wa shule anaonekana, amevaa sare, anapigwa picha na gavana. Wa kando ya makaa hana sare.

Kuna jambo moja lisilohitaji hata bajeti. Binti wa shosho alikuwa anapuliza jiko na kuchota maji huku shosho akiwa na watoto wote 17. Wangegawana: hawa tisa ni wako, wewe ndiye unayewapokea, unawalisha, unawalaza na kumsimulia mama jioni; hawa wanane ni wangu. Jiko wapokezane. Bado ni wengi, lakini kila mtoto angekuwa na uso mmoja wa kutafuta. Nilimwambia shosho. Alicheka akasema binti mwenyewe ataolewa Desemba.

Jioni nilisubiri hadi mama waje. Wa mvulana alifika saa moja kasoro, mikono ikinuka sabuni ya kiwanda. Shosho alimsimulia yote: uji vikombe viwili, kinyesi kigumu kidogo, ametamka "mbwa". Mama akatoa shilingi 50. "Shosho, thelathini nitaleta kesho." "Haya mama, mlete tu. Deni ni la mimi na wewe, si la mtoto."

Wa msichana alikuja wa mwisho, giza limeingia. Alimbeba, akaona uvimbe kwenye paji la uso, akaugusa kwa kidole bila kusema kitu. Kisha akauliza, "Leo amekula?"

Shosho akamtazama binti. Binti akatazama sufuria.